Shangazi, kwa nini mume wangu afe kwa ukaidi wa wapanda milima?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mke na mama wa watoto wawili. Mume wangu ana kazi yake ya mshahara kama watu wengine, lakini tangu kabla hatujaoana yumo kwenye kikosi cha uokoaji mlimani. Ni kikosi cha kujitolea, hakuna anayelipwa. Simu ikilia, hata iwe saa nane za usiku, anavaa viatu, anabeba kamba na taa yake ya kichwani, anaondoka. Mimi hubaki nimekaa kitandani nikisikiliza upepo.

Miaka yote nilivumilia, na kusema kweli nilijivunia. Amewahi kurudisha mtoto aliyepotea, na mzee aliyeteguka akashindwa kushuka. Watu wa namna hiyo sina neno nao. Tatizo langu limeanza na vijana wawili waliopanda ukuta wa mwamba wakati kila mtu anajua dhoruba inakuja. Tangazo la hali ya hewa lilikuwa limetoka, na mlinzi wa pale chini aliwaambia kwa mdomo wake wasiende. Walimcheka wakapanda.

Usiku ule simu ilikuja. Mmoja wao aliita akisema mwenzake ameanguka na yeye mwenyewe hawezi kupanda wala kushuka. Kikosi kilisubiri upepo utulie kidogo, kikapanda gizani. Karibu na alfajiri walimfikia yule aliyeita, wakamteremsha kwa machela akiwa hai. Mwenzake walimkuta ameshakufa, wakamfunga kwa kamba kwenye ukingo wa mwamba, wakamwacha hapo.

Siku chache baadaye familia ya marehemu ilikuja kulia kwa mkuu wa kikosi. Walitaka kuzika. Hali ya hewa ilikuwa bado mbaya, theluji inayeyuka mchana na mawe yanaporomoka. Mkuu aliwakusanya vijana wake akauliza mbele ya wote, mbele ya wale wafiwa pia: "Nani yuko tayari?" Shangazi, katika hali kama ile nani atasema hayuko tayari? Walikwenda. Mwili waliushusha, lakini jiwe lilimwangukia rafiki mkubwa wa mume wangu. Amevunjika nyonga na uti wa mgongo. Mpaka leo yuko kitandani, na madaktari hawasemi kama atatembea tena. Mkewe ni kama dada yangu. Nikienda kumwona sijui niseme nini.

Yule kijana aliyeokolewa ameshapona. Ameweka picha mtandaoni, anasema mlima haujamshinda na atarudi msimu ujao. Kwa rafiki yetu hajafika hata mara moja.

Nimemwambia mume wangu kikosi kiweke sheria: anayepuuza onyo asifuatwe. Mama yangu ananiunga mkono, anasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mume wangu alinijibu swali moja tu, "Je, angekuwa mwanao?" Tangu hapo hataki tuliongelee jambo hili. Shemeji yangu, kaka yake, ananiambia nina roho mbaya, kwamba nilijua ninaolewa na mtu wa namna gani.

Je, ni dhambi kusema watu kama wale waachwe? Na nina haki ya kumwambia baba watoto wangu aache kazi hii?

Mke wa mwokoaji

*

Marahaba mwanangu. Poleni sana, na salamu zangu za pole zimfikie mke wa rafiki yenu. Ukienda kumwona huna haja ya kutafuta la kusema. Fua nguo, chukua watoto wake jioni, kaa.

Huna roho mbaya. Shemeji yako amekosea, nami nitarudi kwake. Ila katika barua yako umefunga safari mbili kwenye kamba moja, na mimi nataka kuzifungua. Iko safari ya usiku, ya kumfuata mtu aliye hai, na iko ile ya kufuata maiti. Hasira zako zote zimekwenda kwenye ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyoanzishwa na ukaidi. Mimi iliyonikosesha usingizi ni ya pili.

Nianze na hiyo ya usiku. Methali ya mama yako ni ya kweli, lakini angalia inasema guu la nani. La yule asiyesikia. Kwenye kisa chenu asiyesikia anatembea, na aliyevunjika ni mtu ambaye hakumkaidi mtu yeyote. Unachotaka ni sheria itakayorudisha maumivu kwa mwenyewe, na ninaelewa kwa nini. Lakini hebu tuione hiyo sheria ikifanya kazi. Saa nane za usiku simu inalia, sauti inakatikakatika kwa upepo. Mkuu wa kikosi aanze kuuliza kama waliambiwa na nani, saa ngapi, kwa maneno gani? Unasema wawili wale walicheka onyo. Je, unajua ni yupi kati yao aliyecheka, na ni yupi aliyekuwa akimvuta mwenzake mkono warudi? Huenda aliyetaka kurudi ndiye aliyekufa. Huenda ndiye aliyeokoka, na anajigamba mtandaoni kwa sababu hajui afanye nini na jambo hilo. Hatujui. Na usiku ule kikosi kilijua kidogo kuliko sisi.

Liko jambo jingine zito zaidi. Sheria yako inapima ustahili wa anayeokolewa, lakini kinachowaua waokoaji hakijali ustahili. Septemba 1970 wapandaji wawili kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa juu kabisa ya Mlima Kenya, karibu na kilele cha Batian chenye mita 5,199. Jabali likang'oka, Judmaier akaanguka nalo, mguu ukavunjika vibaya sana. Oelz alishuka kutafuta msaada, kisha akapanda tena kumfuata. Wanachama wa klabu ya wapanda milima ya Kenya walihangaika ukutani kwa siku nyingi kwenye baridi ile, mpaka waokoaji wakaletwa kwa ndege kutoka Innsbruck huko Austria kumalizia kazi. Judmaier alipona. Lakini katikati ya heka heka hizo rubani Jim Hastings, aliyekuja kusaidia, alianguka na helikopta yake akafa. Hapo nani alikaidi? Hakuna. Walikuwa wapandaji wazuri, na mwamba uling'oka kama miamba inavyong'oka. Sheria yako ingekuwepo siku ile, Hastings angeruka vilevile, na angekufa vilevile.

Kwa hiyo ukiwabagua wakaidi, hujawapunguzia waokoaji hatari. Umewapunguzia kazi tu, na umewabebesha kazi mpya ya uhakimu ambayo hawakuiomba.

Hata kukataza kumewahi kujaribiwa. Mwaka 1936 vijana wanne, Toni Kurz akiwa wa mwisho wao kufa, waliangamia kwenye uso wa kaskazini wa mlima Eiger huko Uswisi. Kurz alikata roho akining'inia kwenye kamba, waongozaji waliokwenda kumwokoa wakiwa karibu naye kiasi cha kusikilizana lakini wasiweze kumgusa. Serikali ya jimbo la Bern ikapiga marufuku kupanda uso ule. Marufuku haikudumu, na mwaka 1938 ukuta ukapandwa hadi juu. Watu wa namna hii hawazuiwi na karatasi.

Najua utaniuliza kuhusu pesa, maana wengi huniuliza: basi angalau walipishwe. Nchi zinatofautiana. Uingereza vikosi vya mlimani ni vya kujitolea na havimdai aliyeokolewa. Uswisi gharama ni zako au za bima yako. Marekani, jimbo la New Hampshire linaweza kukutumia ankara likiona ulizembea. Sina ugomvi na bima. Kila apandaye awe nayo. Ila waokoaji wengi wenyewe wanapinga kulipisha watu kama adhabu, kwa sababu ya kivitendo kabisa: mtu anayeogopa ankara huchelewa kupiga simu. Anasema ngoja nijaribu kidogo. Saa kumi jioni angefuatwa na watu wanaoona wanapokanyaga. Saa nne usiku anafuatwa na mumeo akiwa na taa ya kichwani.

Basi kama ustahili si kipimo, kipimo ni nini? Maana siamini kwamba lazima waende kila waitwapo. Wanaosema mwokoaji amekula kiapo cha kufa, shemeji yako akiwa mmojawapo, wanasema kitu ambacho hata sheria haikisemi. Ufaransa ni miongoni mwa nchi ambazo kumwacha mtu kwenye hatari bila kumsaidia ni kosa la jinai. Hata hivyo sheria yao inakubana tu pale ambapo ungeweza kusaidia bila kujihatarisha wewe wala watu wengine. Kwa hiyo anayekwenda kwenye hatari anatoa zawadi, na zawadi haidaiwi. Mtoaji ana haki ya kusema leo sina. Ana haki pia ya kusema nitafika hapa, zaidi ya hapa sifiki.

Kipimo, kwa ninavyoona mimi, ni nafasi ya kumkuta mtu hai, ikilinganishwa na nafasi ya kuongeza majeruhi. Hivyo viwili tu. Tabia ya mtu aliyeko juu haimo. Usiku ule mkuu wa kikosi chenu alikuwa na sauti ya mtu hai kwenye simu. Alisubiri upepo utulie, na hili uliliandika kwa haraka kana kwamba ni dogo, wakati ndilo linaloniambia kwamba usiku ule alikuwa anafikiri. Kisha wakapanda, wakarudi wote na mtu hai. Kwa safari hiyo sina la kumlaumu, na nadhani ukitulia hata wewe huna.

Kwenda kwa mpaka kunawezekana, na mfano ninaoupenda ni wa Nanga Parbat, mlima wa mita 8,126 huko Pakistani. Januari 2018 Élisabeth Revol wa Ufaransa na Tomasz Mackiewicz wa Poland walikwama huko juu katikati ya majira ya baridi. Mackiewicz alikuwa haoni tena na hawezi kutembea. Timu ya Poland iliyokuwa kwenye mlima mwingine, K2, iliacha shughuli zake. Helikopta za Pakistani zikawachukua wanne hadi chini ya Nanga Parbat, na wawili kati yao, Adam Bielecki na Denis Urubko, wakapanda usiku kucha zaidi ya mita elfu moja gizani. Wakamkuta Revol, mikono na miguu imeumwa na baridi, bado anajikokota kushuka. Mackiewicz alikuwa zaidi ya mita elfu moja juu yao. Hawakwenda. Hali ya hewa ilikuwa inageuka, na kumpandia maana yake ilikuwa kumwacha Revol peke yake katika hali ile. Wakamshusha yeye. Watu walisema mengi baadaye, kama kawaida ya watu walio kwenye joto. Mimi naona wanaume wale walifanya mambo mawili magumu usiku mmoja, na la pili, la kugeuka, lilikuwa gumu kuliko la kwanza.

Sasa angalia inakuwaje pale ambapo hakuna mwenye kauli. Desemba 1956 vijana wawili, Jean Vincendon na François Henry, walikwama kwenye mlima Mont Blanc huko Ufaransa. Mji wa Chamonix, ulio chini ya mlima huo, haukuwa na kikosi cha kudumu. Waongozaji wa mji waliona hatari imezidi, hawakutoka. Lionel Terray, mpandaji mashuhuri, alikasirika akaondoka kwa miguu na kikundi chake. Jeshi nalo likaleta helikopta. Helikopta ikaanguka kwenye theluji, na ghafla wa kuokolewa wakawa wameongezeka. Waliokuwemo wakahangaikiwa hadi wakatolewa, lakini wale vijana wawili, ambao miili yao ilikuwa imeganda hawawezi tena kutembea, waliachwa ndani ya mabaki ya helikopta. Januari 1957 ikaamuliwa basi, yatosha. Huku chini watu walikuwa wakitazama kwa darubini.

Kisa hiki hutajwa na pande zote mbili. Wa "lazima tuende" wanasema, tazameni aibu ya kuwaacha. Wa "tusiende" wanasema, tazameni ile helikopta. Mimi ninachokiona ni mlima wenye watu wengi waliokuwa na uamuzi wao, na hakuna hata mmoja mwenye mamlaka ya kusema ndiyo kwa wakati, au hapana kwa wakati. Wafaransa walielewa, mwaka 1958 Chamonix ikapata kikosi cha uokoaji milimani cha jandamari, yaani polisi wa kijeshi, watu waliofunzwa, wenye mkuu anayejulikana.

Nimekuja kwenye safari ya pili.

Maiti haina haraka, mwanangu. Nasema hivi kwa heshima zote kwa wale wafiwa, maana najua maana ya kutaka kumwona mtu wako, kumwosha, kumzika. Ni haja ya kweli. Lakini ile nafasi ya kumkuta mtu hai, ambayo peke yake ndiyo inayoweza kuhalalisha hatari, ilikuwa imekwisha. Upande mmoja wa mizani ulikuwa mtupu. Hapo hatari inayokubalika inapaswa kuwa ndogo sana, ya siku tulivu yenye mwamba mkavu, hata kama siku hiyo itakuja baada ya wiki au miezi. Kwenye milima mirefu miili mingi haishushwi kabisa. Mwaka 1984 huko Everest, mkaguzi wa polisi wa Nepali Yogendra Bahadur Thapa na Ang Dorje, mtu wa jamii ya Sherpa ya milima ya Nepali, walianguka wakafa wakijaribu kuushusha mwili wa Hannelore Schmatz, mpandaji wa Ujerumani aliyekuwa amekufa tangu 1979. Miaka mitano ulikuwa pale. Walio hai wawili wakakatika kwa ajili yake.

Na lile swali, "Nani yuko tayari?", mbele ya wafiwa! Hapa ndipo ningekuwa na maneno na mkuu wa kikosi, maneno marefu. Wewe mwenyewe umeliona: katika hali ile nani atasema hayuko tayari? Watu wanasema waokoaji ni watu wazima, wanajitolea kwa hiari, hakuna aliyewashika shingo. Hiari gani hiyo, wenzako wanakutazama na mama wa marehemu anakulilia? Mkuu ndiye aliyepaswa kusimama kati ya ile familia na vijana wake, aseme: mtoto wenu tumemfunga vizuri, hatampotea mtu, tutamfuata mlima ukituruhusu. Wangemchukia yeye. Hiyo ndiyo kazi ya mkuu. Badala yake aliupitisha mzigo kwa watu ambao hawakuwa na njia ya kuukataa.

Simjui, na huenda ni mtu mwema aliyelemewa na vilio. Lakini safari ile haikuletwa na wale vijana wakaidi. Mmoja alikuwa amekufa, mwingine hospitalini. Iliamuliwa chini, mchana, na watu wazima waliokuwa na muda wa kufikiri. Ndiyo maana nasema ni habari njema kidogo, kama kuna habari njema humu: ukaidi wa wageni hamwezi kuurekebisha, lakini namna kikosi chenu kinavyoamua mnaweza.

Kwa hiyo usimwendee mumeo na swali la kama wakaidi waachwe. Mwendee na haya. Nani katika kikosi ana kauli ya kusema hapana, na aliwahi kuisema lini? Je, mtu mmoja akisita, safari inasimama, au anaambiwa abaki yeye wenzake wakaendelea bila yeye? Vikosi vyema huuliza kila mtu faraghani, na anayesema hapana haulizwi sababu. Je, maiti inafuatwa kwa masharti yaleyale ya mtu hai? Hapo pawe na sheria iliyoandikwa, ambayo mkuu anaweza kuwaonyesha wafiwa bila kuonekana ni yeye mwenye moyo mgumu. Na kikosi kina bima gani kwa watu wake? Rafiki yenu yuko kitandani. Nani anawalisha watoto wake? Kama jibu ni "tunachangishana", basi kikosi kinatuma watu kwenye mawe bila kujua kitawafanyia nini wakirudi wamevunjika. Mkuu alipe swali hilo kipaumbele kabla simu haijalia tena.

Alikuuliza, angekuwa mwanao? Mwambie kweli: angekuwa mwanangu ningewataka mwende nyote, hata mfe nyote, na kwa sababu hiyohiyo mimi mama yake nisingefaa kuamua. Naye swali lake limejibu zaidi ya alivyokusudia. Wale wafiwa walikuwa baba na mama wa mtu, na ndio walioachiwa waamue.

Kuhusu kumwambia aache. Haki unayo. Uliolewa na mtu wa kikosi, ni kweli, lakini hukuolewa na kila uamuzi mbaya ambao kikosi kingefanya baadaye, na shemeji yako akirudia maneno yake mwulize yeye mwenyewe amewahi kupanda mara ngapi. Ila haki hiyo usiitumie leo. Mtu ambaye rafiki yake amevunjika mgongo pembeni yake, kisha hataki kuzungumza, simwoni kama mkaidi. Namwona kama mtu anayejiuliza kwa nini jiwe halikumpata yeye. Ukimwambia sasa achague kati yako na kikosi, atasikia unamwambia amkimbie rafiki yake. Mwombe kitu kidogo zaidi: asipokee simu kwa muda, mpaka kikosi kikae kijadili kilichotokea na kuandika masharti. Nendeni pamoja kwa rafiki yenu. Mwache azungumze na mwenzake bila wewe chumbani.

Kikosi kikikataa kujadili, au mkuu akisema mambo haya ni ya Mungu, hapo mwambie aondoke, na umwambie mimi nimesema. Kikikubali, basi utakuwa na mume ambaye bado ataondoka usiku, na sitakudanganya kwamba masharti yatamrudisha kila mara. Nick Hall alikuwa mlinzi wa hifadhi, mzoefu, kwenye mlima Rainier huko Marekani. Juni 2012 alikuwa akishughulikia kuwapandisha majeruhi kwenye helikopta, akateleza, akaporomoka mlimani akafa. Majeruhi wote waliokolewa. Sijaona mahali ambapo ungesema hapa mtu alipumbaa. Kama hatari iliyobaki baada ya busara yote bado ni kubwa kuliko unavyoweza kuishi nayo, mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo, bila kuwaingiza wapanda milima wakaidi kwenye mazungumzo. Ni neno la mke kwa mumewe, na lina uzito wake.

Limebaki la yule kijana wa picha. Kukosa shukrani si jambo geni huko juu. Mei 2023 Gelje Sherpa alimkuta Everest mpandaji wa Malaysia anayekaribia kufa, juu ya mita 8,000. Akamshawishi mteja wake aache kilele, akambeba yule mtu mgongoni. Halafu kukazuka zogo mtandaoni, kwamba aliyeokolewa amewashukuru wafadhili wake na kuwasahau waliombeba. Sherpa angejua mapema, angemwacha? Sidhani. Lakini kutoshukuru kunauma, na huhitaji kujifanya hakuumi.

Mwandikieni. Barua fupi, isiyo na matusi, isipelekwe mtandaoni. Mwambieni jina la rafiki yenu, yuko hospitali gani au nyumba gani, na saa za kumwona. Huenda hajui, watu kama yeye mara nyingi huambiwa tu kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Akija, mpisheni kiti. Asipokuja, mtakuwa mmeshamjua, na mtaacha kumwangalia mtandaoni.

Na lile la bima nijulishe kikosi kitajibu nini. Nina wasomaji wengine wenye waume na wake kwenye vikosi kama hivyo, nao wanataka kujua.

Shangazi